Simjui Mtu Huyo

Tulimwacha Mathews Wakoli ameketi mbele ya meza ya afisa wa ukaguzi, Bi. Beldina, karatasi iko mikononi na macho yameganda kwenye mstari mmoja. Shahidi wa nne. Mwanamke, fundi wa kushona nguo, mkazi wa Nyalenda. Alipoulizwa kama anamfahamu Mathews Wakoli, alijibu: "Simjui mtu huyo. Sijawahi hata kumsikia."

Chini yake palikuwa na jina na sahihi. Rosa Nabwire.

Kama wiki jana ulikuwa matangani hukupata gazeti, nakusaidia kwa sentensi moja. Rosa Nabwire ni mke wa Mathews, mke wa pete na cheti, wa miaka kumi na minne, mama wa binti yao Becky.

"Madam, huyu ni bibi yangu," Mathews alisema.

"Yupi?"

"Huyu shahidi wa nne."

Bi. Beldina alivua miwani. "Mke wako hakujui?"

"Ananijua, madam! Asubuhi amenipa chai!"

"Basi alimpa chai mtu asiyemjua." Alirudisha miwani. "Shahidi wa kwanza ni mama mboga wa mlangoni pako. Hakujui. Wa pili kinyozi. Hakujui. Wa tatu ni Mzee Obonyo, mzee wa mtaa, mtu anayejua mpaka paka wa Nyalenda kwa majina. Hakujui. Bwana Wakoli, nimekagua watu miaka kumi na sita. Nimekagua walevi, nimekagua matapeli, nimekagua mtu aliyekuwa na wake watatu na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Wote walikuwa na angalau jirani mmoja anayewajua. Wewe ni wa kwanza."

Mathews alifungua mdomo. Hakukutoka kitu. Ingekuwa heri kwake kama mdomo huo ungekuwa na tabia hiyo tangu mwanzo.

Maana lazima tukumbushane ni mjinga wa aina gani tunayemfuata wiki hizi zote. Kwa miaka kumi na moja alikuwa afisa wa samaki pale Dunga. Kazi ya serikali, ya kudumu, yenye pensheni. Asubuhi analaza mbuta kwenye ubao wa kupimia, samaki akiwa mfupi anamkaripia mvuvi, saa sita anakula samaki, saa kumi yuko nyumbani. Kazi ambayo mtu hafukuzwi mpaka aibe ziwa lenyewe.

Halafu akapita mahojiano ya kituo kipya cha ulinzi wa ziwa. Barua ikaja yenye aya mbili. Aya ya kwanza ilimpongeza. Aya ya pili ilisema ajira itaanza baada ya ukaguzi wa usalama kukamilika, na kwamba asiache kazi aliyonayo mpaka aambiwe.

Aya ya kwanza Mathews aliisoma mara kumi na moja. Ya pili aliisoma mara moja, akiwa amesimama, anatafuta kiatu.

Akaandika barua ya kuacha kazi, notisi ya mwezi mmoja. Na kwa kuwa bwana mkubwa hawezi tena kukanyaga magamba ya samaki, akampa mkewe aipeleke Dunga. Mwezi huo unakwisha kesho, Ijumaa. Ukaguzi ukimkataa na mwezi ukaisha, Mathews atabaki na suti moja na aya moja ya pongezi.

"Faili lako linafungwa kesho," Bi. Beldina alisema. "Wakubwa wangu wawili wanatua asubuhi kutoka Nairobi. Wao ndio wataamua, si mimi. Niletee watu wanaokujua kabla ya saa nne. Na Mzee Obonyo awe mmoja wao."

"Nitawaleta, madam! Nitaleta mtaa mzima!"

Kumbuka maneno hayo.

* * *

Nabwire alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani, anakunja pindo la sketi ya shule.

"Mama Becky, umenimaliza!"

"Toa kiatu. Nimepiga deki."

"Watu walikuja hapa kuniulizia?"

"Watu wanakuja kila siku kukuulizia."

"Wanaume wawili! Shati za pasi, bahasha ya kaki!"

Nabwire alisimamisha cherehani. "Baba Becky, wote wanakuja na shati ya pasi na bahasha ya kaki. Jumatatu walikuwa kumi na mmoja. Mmoja ametoka Busia na miguu imevimba. Ulisema niwaambie nini?"

Mathews alianza kuvua kiatu.

"Si ulisimama hapo hapo ulipo," Nabwire aliendelea, "kidole juu, ukasema: mtu yeyote akikuja na bahasha ya kaki, hakuna Mathews hapa, humjui, hujawahi kumsikia. Ukaenda kwa kinyozi ukasema hivyo hivyo. Ukaenda kwa mama mboga. Ukaenda mpaka kwa Mzee Obonyo, ukamgongea akiwa anaoga."

Ni kweli tupu. Jumapili moja baada ya kupata ile barua, Mathews alifanya ibada ya shukrani kanisani, na karamu uani. Hema, kuku thelathini, mgeni rasmi, maikrofoni. Akatangaza mbele ya waumini kwamba yeye sasa ni mkubwa wa ulinzi wa ziwa, na kwamba vijana wa mtaa walete makaratasi yao atawaingiza. Kufikia Jumanne walikuwa wamejaa mlangoni. Wa Obunga, wa Nyamasaria, binamu wa Busia ambao hakujua wamezaliwa. Bwana mkubwa akachoka, akatoa amri ya kukanwa. Na amri ikashikwa vizuri ajabu.

"Lakini hao walikuwa watu wa serikali!"

"Iliandikwa kwa uso?"

"Hukuona viatu?"

"Viatu ilikuwa safi. Na ya wale wengine pia ni safi. Mtu akitafuta kazi anapiga kiatu rangi."

"Hawakukuonyesha kitambulisho?"

"Mmoja alionyesha kakadi. Binamu yako wa wiki jana pia alionyesha kakadi." Alikata uzi. "Nikaulizwa kama niko tayari kuweka sahihi. Nikaweka. Si wewe mwenyewe ulisema kwa maikrofoni, mke mwema anatii bwana yake? Mimi nimetii."

Mathews aliketi kwenye ngazi na kushika kichwa. Ghafla akakumbuka kitu.

"Ile barua yangu ya kuacha kazi. Uliipeleka Dunga kwa Bwana Walter?"

Nabwire aliuma sindano kwa meno, akaichunguza sketi upande wa pili. "Nenda kwa Mzee Obonyo kabla hajatoka," alisema.

Mathews akainuka akaenda. Hakugundua kwamba swali lake halikujibiwa. Wewe umegundua. Ndiyo maana wewe unasoma gazeti na yeye anasomwa.

* * *

Mzee Obonyo amekuwa mzee wa mtaa miaka kumi na tisa, na ufunguo wa bomba la maji la mtaa uko shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Alikuwa ameketi kando ya bomba, anatazama mitungi ikijipanga.

"Mzee, hujambo?"

"Sijambo. Na wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mzee. Mathews."

"Mathews gani? Mimi simjui Mathews."

Akina mama wa mitungi walicheka.

"Mzee, hiyo ilikuwa ni ya wale wa bahasha."

"Aah." Mzee Obonyo alitikisa kichwa. "Hukusema itaisha lini. Mimi nikishika neno nashika."

Mathews akaeleza. Kesho, saa nne, ofisi ya ukaguzi. Ni lazima mzee aje aseme anamjua. Alieleza kwa unyenyekevu ambao hajawahi kumwonyesha mtu yeyote tangu anunue suti.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Siku ya sherehe yako," alisema, "mimi nilikaa wapi?"

"Mzee..."

"Nilikaa nje ya hema. Kwa jua. Na nilikula nini?"

Mathews alitazama mitungi.

"Nimekuuliza, omera, ndugu yangu. Nilikula nini?"

"Shingo, Mzee."

"Shingo!" Mzee aliwageukia akina mama. "Mzee wa mtaa miaka kumi na tisa, nywele nyeupe hivi, nikapewa shingo ya kuku kama mtoto wa jirani! Na firigisi, kipande cha mzee, ilienda wapi?"

"Kwa mgeni rasmi."

"Sasa huyo mgeni rasmi si ndiye anakujua? Mwambie aende akuapie."

Mgeni rasmi, kama unavyokumbuka, alikula, akafunga nyama nyingine kwenye gazeti, akaenda zake. Hata simu hashiki.

Kwa hiyo saa kumi na moja jioni ile, kwenye baraza ileile, Mathews Wakoli alimwinamia Mzee Obonyo na birika la maji ya vuguvugu, akamnawisha mikono mbele ya mtaa mzima. Nabwire alikuwa amechinja kuku wake mwenyewe wa kutaga, na uso wake ulimwambia Mathews kwamba mazungumzo juu ya kuku huyo yatakuja. Firigisi ililetwa kwenye sahani peke yake. Mzee aliitazama, akaigeuza, akaila polepole mpaka majirani wakachoka kusimama.

"Eeh," alisema mwisho, akipangusa midomo. "Sasa nimeanza kukumbuka sura yako."

"Asante, Mzee."

"Kesho tutakuja. Na sitakuja peke yangu. Mtaa mzima utakujua."

Mathews karibu alie kwa furaha. Nimemfuata mtu huyu muda mrefu, na nakwambia, ukimwona anafurahi, kuna jambo hajalielewa.

* * *

Ijumaa, saa nne kasorobo.

Mathews alifika kwenye lango la ofisi ya ukaguzi akakuta umati. Watu thelathini na zaidi, wamepanga mstari. Kinyozi. Mama mboga na wanawe wawili. Kwaya nusu nzima. Mzee Obonyo yuko mbele, koti la msiba limepigwa brashi. Wote wamevaa shati za pasi. Viatu vyote vinang'aa.

Na kila mmoja ameshika bahasha ya kaki.

"Mzee!" Mathews alinong'ona. "Hizi bahasha ni za nini?"

"Za kazi. Si ulisema tuje kwa ofisi ya kazi?"

"Nilisema mje kuniapia!"

"Tutaapa. Tukishaapa tunaacha makaratasi. Mimi nimeandika nataka ulinzi wa geti."

Mlango ulifunguka. "Mzee wa mtaa aingie," sauti ya Bi. Beldina ilisema. "Na wewe, Bwana Wakoli."

Mzee Obonyo aliketi, akaweka bahasha yake juu ya meza, akaisukuma mbele kidogo kwa kidole. Bi. Beldina akairudisha kwa kidole vilevile.

"Mzee, unamjua mtu huyu?"

"Namjua sana! Ni kijana yetu huyu!"

"Wiki jana ulisema humjui."

"Wiki jana alisema nisimjue."

Bi. Beldina aliandika hayo. "Na ni mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri. Hana siri." Mzee alimtazama Mathews kwa upole, maana firigisi ilikuwa bado inamkaa vizuri tumboni. "Hafichi watu kitu. Hata hii kazi yenu ya rada alitueleza yote."

Kalamu ya Bi. Beldina ilisimama.

"Rada gani, Mzee?"

Mathews alikohoa. Alikohoa tena. Mzee alimgongagonga mgongoni, akaendelea.

"Si ile ya kilimani! Inazunguka hivi, inaona mtumbwi mpaka upande wa Uganda. Na boti ni sita. Nne ni nzima, mbili injini imekufa. Na askari wanabadilishana saa kumi na mbili, halafu hapo katikati, kwa robo saa, hakuna mtu kabisa."

Bi. Beldina alisogeza kiti karibu.

"Nani alikueleza?"

"Yeye mwenyewe. Kanisani, na maikrofoni. Kila mtu anajua. Wavuvi wameipenda sana hiyo robo saa."

Nimesimulia wapumbavu wengi katika ukurasa huu. Nimesimulia mmoja aliyejichongea kwa mama mkwe. Lakini mtu kutembezwa kituoni siku ya mahojiano, akaona siri ya ulinzi wa ziwa, akaipeleka madhabahuni na kuisoma katikati ya wimbo na sadaka ili aonekane mkubwa, huyo ni wa kwanza. Namdharau kwa moyo wangu wote.

Bi. Beldina alifunga kalamu.

"Bwana Wakoli, jana hukuwa unajulikana na mtu yeyote. Leo unajulikana kupita kiasi. Nitaandika nilichosikia, na wakubwa watakisoma mchana huu. Lakini nikwambie jambo moja. Kuna watu wamelala ndani kwa kusema nusu ya hayo."

Mathews alitoka nje akiyumba. Watu wa mtaa walidhani amemaliza kusajiliwa. Wakamzunguka, wakamjaza bahasha mikononi mpaka kidevuni.

Simu ikalia. Akaipokea kwa bega.

"Baba Becky," ilikuwa sauti ya Nabwire, "najua imeharibika."

"Umejuaje?"

"Nakujua. Sasa sikiliza. Nenda Dunga kwa Bwana Walter. Sasa hivi. Mwambie umepona."

"Nimepona nini?"

"Mwambie tu umepona. Na usiongee mingi. Ukiongea ndio unaharibu."

* * *

Walter Okinyi, bosi wa ofisi ya samaki, ni mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Alipomwona Mathews mlangoni alisimama, na akahakikisha meza iko katikati yao.

"Mathews! Pole, ndugu yangu. Kaa. Kaa polepole." Akainama amtazame machoni. "Unanikumbuka mimi?"

"Bwana Walter, nimekuja kuondoa ile barua yangu. Mwezi unaisha leo."

"Barua gani?"

"Barua ya kuacha kazi!"

Walter alitikisa kichwa kwa huruma. "Yawa, jamani. Ndiyo yenyewe kabisa. Mama Becky alitwambia utasema hivyo."

"Alisema nini?"

"Hakuna barua, Mathews. Hujaacha kazi. Wewe ni mgonjwa."

Na hapo, kipande kwa kipande, ikatoka. Wiki nne zilizopita Nabwire alifika Dunga. Hakuleta barua. Alileta uso wa majonzi na leso. Alisema mumewe amepatwa na ugonjwa wa kichwa. Anajiona mkubwa, anasahau watu, siku nyingine anasahau hata jina lake. Amepelekwa kwao Busia akatulie. Na kila Jumatatu tangu hapo alifunga duka lake la kushona, akatembea mpaka Dunga kuleta habari za mgonjwa.

"Jumatatu hii alisema umeanza kuona rada," Walter alisema. "Tulikuombea sana. Tulijaribu kukupigia, lakini hukushika."

Hakushika kwa sababu alikuwa amezifungia namba zote za ofisi ya samaki siku aliyopata barua. Alisema simu zao zinanuka omena.

Mathews alitazama nje. Ubao wake wa kupimia ulikuwa palepale ukutani, umesuguliwa, unamngoja. Akalia. Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, machozi yake yalikuwa ya maana. Mimi simhurumii. Ila mwanamke yule namheshimu. Amefanya kazi ya kuiokoa nyumba yake kwa uongo mmoja, Jumatatu nne mfululizo, bila kumwambia mtu, huku akishonea watoto wa wenzake sketi. Barua ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

"Kwa hiyo kazi yangu ipo?" aliuliza.

"Ipo. Kama umepona. Kuna fomu moja ya kurudi kutoka likizo ya ugonjwa. Unatia sahihi kwamba ulikuwa mgonjwa siku hizi zote. Lazima leo, mimi niipeleke mjini kabla ya saa tisa." Sauti ya Walter ikawa nzito kidogo. "Kwa sababu kama hukuwa mgonjwa, Mathews, hizo siku ishirini na nane ni utoro. Na utoro unajua. Hakuna pensheni, hakuna kitu."

"Nilikuwa mgonjwa," Mathews alisema haraka. "Mgonjwa sana."

"Vizuri. Fomu iko stoo. Ngoja hapo. Usiende popote, sawa? Jina lako ni Mathews."

Akatoka.

Mathews alibaki peke yake. Alivuta pumzi ndefu. Nje wavuvi walikuwa wanagombana juu ya barafu, na kwa mara ya kwanza kelele zile zilimfurahisha. Angerudi kwenye ubao wake Jumatatu. Angekula samaki wake saa sita. Ameponea.

Kivuli kikaziba mlango.

Wanaume wawili. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Shati za pasi. Viatu vinang'aa juu ya magamba ya samaki. Yule mrefu ameshika bahasha ya kaki yenye lakiri nyekundu.

"Habari ya mchana. Tumetoka Nairobi," alisema. "Tunamtafuta Mathews Wakoli. Unamjua?"

Mathews aliyakumbuka maneno ya Bi. Beldina. Watu wamelala ndani kwa kusema nusu ya hayo. Aliwaza robo saa. Aliwaza maikrofoni. Aliwaza pingu. Na mdomo wake, mdomo uleule wa madhabahuni, ukafunguka wenyewe.

"Simjui mtu huyo. Sijawahi hata kumsikia."

Yule mfupi alikunja uso. Alitoa picha ndogo mfukoni, ya kijana mwembamba wa miaka kumi na moja iliyopita, akamtazama Mathews, akatazama picha, akairudisha.

"Bi. Beldina alisema tutampata kazini kwake," yule mrefu alisema. "Bahati mbaya yake. Tumesoma faili lake lote ndani ya gari. Ana domo, hilo halina ubishi. Lakini alitembezwa kituoni saa moja tu, na akaona mwanya wa robo saa ambao sisi wenyewe hatujauona mwaka mzima. Mtu kama huyo ni heri awe ndani, amefungwa na kiapo, kuliko awe nje na maikrofoni." Akaigongagonga bahasha. "Amepita. Ilibaki kuthibitisha mambo mawili madogo na atie sahihi. Mshahara wake ungeanza leo. Twende, bwana."

Wakageuka.

"Ni mimi!" Mathews alipiga kelele. Kiti kilianguka nyuma yake. "Ni mimi! Mimi ndiye Mathews Wakoli!"

Wanaume wale wakageuka tena, polepole.

"Umesema humjui."

"Najijua! Nilisema tu! Wakubwa, wallahi najijua!"

Kabla hajamaliza, Walter aliingia na fomu mkononi. Alikiona kiti chali, akamwona Mathews anajipigapiga kifua, akawaona wageni. Uso ukamlainika kwa huruma.

"Wageni, samahani sana," alisema kwa upole, akiiweka fomu mezani na kalamu juu yake. "Msimjali. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Kuna wakati anajijua, kuna wakati hajijui. Ni kichwa."

Yule mrefu aliivuta ile bahasha kifuani.

"Ugonjwa?" aliuliza. "Wa kichwa? Kwenye faili hakuna ugonjwa."

"Upo, bosi. Mwezi mzima sasa. Na hapa anakuja kutia sahihi kwamba alikuwa mgonjwa." Walter alimsogezea Mathews fomu. "Au siyo, Mathews?"

Juu ya meza palikuwa na fomu. Juu ya kifua cha mtu wa Nairobi palikuwa na bahasha. Nyalenda, kwenye baraza, mwanamke mmoja alikuwa amesimamisha cherehani, simu iko mapajani, anangoja kusikia kama mumewe ameweza kunyamaza walau mara moja.

Yule mrefu alitoa kalamu yake, akafungua kijitabu, akamkazia Mathews macho.

"Bwana Wakoli," alisema, "hebu tujibu wewe mwenyewe. Wewe ni mgonjwa, au ni mzima?"